Nyeupe ya Tusekile

Msumari uliochomoza kwenye kasha la nyanya haukufika hata urefu wa kidole, lakini ulipopita ubavuni mwa gari la Sosthenes, yeye aliona kama soko zima la Mwanjelwa, Mbeya, limesikia. Gari lilikuwa na siku kumi na moja tu mikononi mwake. Viti vilikuwa bado na nailoni. Mzee mwenye mkokoteni alisimama, akavua kofia, akautazama mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma, kisha akamtazama mwenye gari kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Mwanangu, breki ya mkokoteni huu ni miguu yangu," alisema. "Leo imeniangusha."

Sosthenes alikuwa na maneno makali mdomoni. Akaitazama ile miguu, ndala zimeisha visigino, akayameza.

"Nenda tu, mzee. Nyanya zako zitapondeka."

"Wachache wangemwacha," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya rangi za kila namna, kilemba chekundu, na hereni ndogo za dhahabu zilizoonekana kama zimekosea nguo. Mkono mmoja ulibeba mfuko wa maharage. Bila kuombwa, alichuchumaa akapitisha ncha za vidole juu ya mkwaruzo. Vidole vikaendelea nyuma kidogo, juu ya tairi, vikasita hapo, vikarudi.

"Dada, gari hilo ni jipya."

"Naona. Ndiyo maana mwenyewe anataka kulia."

Sosthenes alicheka bila kupenda. "Nani anaweza kulirudisha kama lilivyokuwa?"

"Mimi. Gereji yangu iko Soweto. Uliza fundi Tusekile, hata mbuzi watakuonyesha." Akainuka, akamsikiliza anavyotamka, akatabasamu. "Wewe ni wa Iringa. Kamwene, mnyalukolo," akamsalimia kwa Kihehe, kama ndugu.

Kesho yake asubuhi, Sosthenes alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika ua wa mabati, amevaa sweta la kijivu na viatu vyake vya kazini, akimtazama. Alikuwa mpima ardhi. Kazi ilimzungusha kutoka mashamba ya Igowole hadi machimbo ya Makongolosi, na katika miaka kumi na miwili alikuwa amejifunza kutoamini kitu ambacho hakisomeki kwa namba.

Tusekile aliosha mlango kwa maji ya sabuni, akaukausha, akasugua sehemu ya mkwaruzo kwa msasa wa maji, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Akaziba sehemu nyingine zote kwa magazeti na utepe. Kisha akaleta vikopo vyake.

"Si nyeupe tu?" Sosthenes aliuliza. "Nyeupe ni nyeupe."

Tusekile alimtazama kwa huruma. "Maziwa ni meupe. Chokaa ni nyeupe. Jino ni jeupe, ganda la yai nalo ni jeupe. Viweke pamoja uone kama vinafanana. Hii ya kwako wanaiita nyeupe ya lulu. Ina njano ndani yake, ina tone la weusi, na juu yake kuna unga unaocheza na jua. Njoo."

Alidondosha njano kwa ncha ya kijiti, akakoroga, akapaka kwenye kipande cha bati, akatoka nacho juani. Akarudi kivulini. Akatoka tena. Mara ya tano alimshika Sosthenes mkono, akamsimamisha ubavuni mwa gari, akaliweka bati mlangoni.

"Unaona?"

"Sioni kitu."

"Subiri wingu lipite."

Wingu lilipita juu ya mlima Loleza, jua likamwagika, na Sosthenes akaona. Bati lilikuwa na ubaridi fulani. Gari lilikuwa na joto. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo kuliko pumzi, na alikuwa ameishi miaka thelathini na minne bila kujua kwamba jicho la binadamu linaweza kuiona. Vinyweleo vya mikono vilimsisimka.

"Sasa nimeona," alisema polepole.

"Karibu duniani," Tusekile alisema, akarudi kwenye vikopo vyake.

Wakati wa kungoja rangi ikauke, walikula ndizi za kuchoma, na Sosthenes akajikuta anasimulia. Kwao walizaliwa wavulana sita, yeye wa mwisho. Alivaa mashati ya kaka zake, akasoma vitabu vyao, hata kipimo chake cha kwanza cha kazi alikinunua kwa mzee aliyestaafu. "Hili gari," alisema, "ndicho kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakijapita mikononi mwa mtu mwingine."

Tusekile aliacha kutafuna. Alitazama gari, sehemu ya juu ya tairi la nyuma, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Kisha akautazama uso wa Sosthenes ulivyokuwa unang'aa, akanyamaza.

Siku ya pili jioni alibandua magazeti, akang'arisha mlango kwa kitambaa laini, akasogea pembeni. Sosthenes alipiga magoti. Alitafuta kwa macho, akatafuta kwa kiganja, akalaza shavu karibu na mlango kama anavyochungulia mstari wa mpaka. Mkwaruzo haukuwepo.

"Nimepima mipaka mingi," alisema akiwa bado magotini. "Sijawahi kuona mpaka ukifutika."

"Inuka, watu watasema nimekuroga."

"Na wakisema kweli?"

Alirudi Iringa na namba ya simu ya Tusekile. Wiki ya kwanza alipiga kuuliza kama anaweza kuosha gari na kulipaka nta. Wiki ya pili alipiga kuuliza tena.

"Sosthenes, nimeshakwambia, liache hata mwezi ndipo ulipake nta. Leo unauliza nini?"

"Leo nimepiga kusikia ukinigombeza."

"Mhehe wangu, kama ni hilo, pika chai ukae. Nina mengi."

Baada ya hapo hakuhitaji tena kisingizio. Kila kazi ya Mbeya aliipokea, hata zile zilizokuwa na njia mbovu. Tusekile alimpokea pale mtaa wa Kabwe amevaa gauni la kitenge cha kijani, mikono imesuguliwa mpaka inanukia limau, na bado chini ya kucha moja kungebaki chembe ya rangi ya gari la mtu. Sosthenes aliipenda chembe hiyo kuliko gauni. Wakitembea, Tusekile alimwonyesha vitu: kivuli cha mgomba kina zambarau, ukungu wa asubuhi una bluu. Sosthenes alitembea kama mtu aliyetolewa mtoto wa jicho.

Ilipofika Agosti walikubaliana kwamba Tusekile aende Iringa awaone ndugu.

"Kuna jambo kuhusu gari lako nataka kukwambia," alisema kwenye simu, sauti imeshuka. "Lakini si kwa simu. Nikija."

"Jambo gani, mama?"

"Nikija, mpenzi. Nilipaswa kulisema zamani."

Siku mbili baadaye, saa moja asubuhi, jua likiwa linapanda juu ya jiwe la Gangilonga, Sosthenes alikuwa anaosha gari. Mwanga ulilipiga gari kutoka ubavuni, na yale macho aliyofundishwa na Tusekile yakaona. Juu ya tairi la nyuma, mara tu mlango unapoishia, kulikuwa na wingu. Nyeupe iliyofifia, pana kama sahani, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mlango ulikuwa hapo hapo, umbali wa kiganja. Ni nani mwingine aliyewahi kupiga rangi upande ule? Na lile jambo la kuambiwa "nikija" likajileta lenyewe.

Alipiga simu kabla hajakausha mikono.

"Ulipokuwa unapiga rangi, ilimwagikia nyuma ukaficha. Ndilo jambo lenyewe, sivyo?"

"Umeliona," Tusekile alisema.

"Kwa hiyo ulijua. Tangu siku ile."

"Nilijua, ndiyo, lakini sikiliza..."

"Miezi mitatu, Tusekile. Miezi mitatu unaniita mpenzi, na kila nikikaa humo unajua umeniharibia."

"Ungeniuliza kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Ungeniuliza tu, Sosthenes." Akakata.

Hasira haikai peke yake. Mchana ule ule alipigiwa simu na Isihaka, mfanyabiashara wa mchele wa Mbeya aliyewahi kupimiwa kiwanja na Sosthenes. Alikuwa ameuona ule mlango, akaahidi kumpa Tusekile magari yake manne ya kupaka upya, kazi ambayo ingempeleka mbele kuliko kazi zote alizowahi kufanya.

"Fundi wako yule, nimkabidhi?" Isihaka aliuliza.

"Mimi singemkabidhi," Sosthenes alisema.

Maneno mawili. Isihaka hakuuliza zaidi. Mtu akisikia hivyo kutoka kwa mwenye gari, anauliza nini tena?

Wiki tatu zilipita. Sosthenes alipima mashamba, akaandika namba, akala bila kusikia ladha. Hatimaye aliona bora alimalize lile doa, labda na moyo utatulia. Akalipeleka gari kwa Clement, fundi rangi mkongwe wa Mlandege, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi alichokitunza ndani ya soksi.

Clement alikiweka kifaa juu ya wingu lile, akasoma, akaguna. Akasogeza, akasoma tena. Kisha akalala chini, akavuta mpira wa ukingo wa tairi, akamulika kwa simu.

"Hapa bati lilibonyea, likajazwa puti," alisema. "Liligongwa kabla hujalinunua, pengine njiani likisafirishwa, wakalijaza haraka wakakuuzia. Ona utepe wa zamani umebaki humu, na bati limeshaota kutu pembeni. Umesema unalo tangu Mei; hii ni kazi ya kabla ya hapo."

Sosthenes aliegemea ukuta. "Na mlango?"

"Mlango una nini?"

"Ulipakwa rangi. Mbeya. Mwezi Mei."

Clement alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliutazama mlango kwa mbele, kwa ubavu, kwa chini. Akaenda ukutani, akarudi. Akauwekea kifaa, na ndipo tu namba ilipokubali kwamba palikuwa na rangi ya ziada, nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia kanisani. "Nyeupe ya lulu, kwa jicho, bila mashine ya kuchanganyia? Naomba namba ya huyo fundi. Nataka kumsalimia tu."

Sosthenes aliona tena vile vidole, siku ile sokoni Mwanjelwa, vikisita juu ya tairi. Tusekile alijua tangu dakika ya kwanza. Na alinyamaza kwa sababu mtu mmoja, juu ya ndoo, alikuwa amefurahi mno kuwa na kitu kipya.

Alimpigia Isihaka kwanza, akiwa bado pale gereji.

"Bwana Isihaka, nilikudanganya. Sikujua kwamba nadanganya, lakini nilikudanganya. Yule hana mwenzake huku kusini."

"Mimi nilishamvunjia ahadi," Isihaka alisema. "Alikuwa amenunua hadi vifaa. Nilisikia yuko Chimala, anapaka milango ya maduka."

Sosthenes aliondoka alfajiri. Makambako ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Kuteremka kuelekea Usangu kukaleta joto, na kabla ya saa sita akaiona Chimala, magunia ya mchele kandokando ya barabara na, mbele ya safu ya maduka, ovaroli ya bluu.

Mikono ile iliyojua kuifuata nyeupe mpaka ndani ya mwanga ilikuwa imeshika brashi ya kawaida, inapaka kijani kwenye milango ya ghala. Hata hivyo mstari wa ukingo ulikuwa umenyooka kama umekatwa na wembe.

"Ugonile, Tusekile."

Hakugeuka. "Usinisalimie kwa lugha yetu ukaivunja."

"Clement wa Mlandege alilipima gari. Nimejua liligongwa. Nimejua na wewe ulijua." Akameza mate. "Nimempigia Isihaka nikamwambia nilikosea. Sikuja kuomba unirudie. Nimekuja kusema mbele yako kwamba nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Yule mzee wa mkokoteni nilimpa nafasi ya kujieleza. Wewe sikukupa."

Brashi ilisimama. Watu wawili wenye baiskeli walipunguza mwendo wasikie vizuri.

"Siku tatu nilishinda na njaa kwa hasira," Tusekile alisema akiutazama mlango. "Siku ya nne nikajiambia, na wewe Tusekile ulinyamaza. Ningekwambia siku ile ile, ungeumia jioni moja, basi. Nilitaka ubaki na furaha yako, nikaila mimi mwenyewe." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini hayakukwepa. "Usinifanyie tena. Nami sitanyamaza tena, hata kama itakuuma."

"Sitakufanyia."

"Chukua brashi. Milango imebaki mitatu."

Walipaka mpaka jua likainama. Sosthenes alichafua viatu, sweta na sikio moja, na mara mbili Tusekile alimpokonya brashi akarudia mstari. Mlango wa mwisho ulipokamilika, simu ya Tusekile iliita. Alisikiliza, akasema, "Nimekusamehe, Bwana Isihaka. Jumatatu nitaanza. Lakini njoo mwenyewe gereji uongee na mimi, usiulize watu."

Akaiweka simu mfukoni. Sosthenes, mwenye hotuba aliyoipanga tangu Makambako, alijikuta imebaki sentensi moja.

"Tusekile, naomba nikuoe."

Tusekile alivuta stuli mbili, akamkalisha, akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaanza kumfuta mikono kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya kazi zake zote, bila haraka. Sosthenes alimtazama akiinamisha kichwa chenye kilemba chekundu, akihakikisha kila mkunjo wa ngozi, na aliogopa hata kupumua, asije akaharibu kitu asichojua kukitengeneza.

"Lete na huo mwingine," Tusekile alisema. "Jumamosi tunakwenda Tukuyu kwa baba. Hapendi kuona wakwe wenye kucha za kijani."