Vinu vya Sokomatola

Simu ya maandishi ilifika posta ya Mbeya saa nne asubuhi. Maneno manne tu.

SHANGAZI ATALALA KWENU ANDAA.

Isakwisa, mpelelezi wa chama, aliisoma mara moja, akaiwasha kwa kiberiti, akaitumia kuwashia sigara. Maana yake aliijua. Silaha zimeshaingia mjini.

Mwaka ule wa hamsini na saba kila mtu Mbeya alijua habari ya mkutano. Atuganile, katibu wa tawi la chama, alikuwa na kibali cha kuhutubia saa kumi alasiri. Kuna mtu alitaka bunduki zikutwe ofisini mwake kabla ya saa hiyo. Zikikutwa, tawi linafungwa. Na Atuganile, mama wa watoto wanne, anakwenda jela, pengine asirudi.

Saa sita zimebaki.

Isakwisa alikuwa koplo wa mawasiliano katika Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma. Kwapani alificha bastola ya Webley. Begani, mbele ya macho ya watu wote, alibeba mashine ya EMI ya kunasia sauti, nzito kama mtoto wa miaka miwili aliyekataa kutembea. Mtaani walijua anakusanya sauti za mji kwa ajili ya redio. Na nani atamwogopa jasusi anayekuja amekunyooshea kipaza sauti?

Akaingia Sokomatola.

Akanasa cherehani. Akanasa nyundo ya fundi baiskeli. Akanasa michi ikipiga vinu, tu-tu, tu-tu, nyumba hadi nyumba, maana ilikuwa saa ya kutwanga.

"Wee Isa!" aliita Bibie, muuza vitumbua, mwanamke ambaye habari hupita kwake kwanza ndipo ziende zinakokwenda. "Ndani ya sanduku hilo umebeba nini, mkeo?"

"Linameza sauti, mama."

"Basi na limeze hii!"

Akapiga kigelegele. Mshale wa mashine ukaruka mpaka mwisho.

Nyuma, Land Rover ya kijani ilijikokota. Isakwisa hakugeuka.

Gari likamfikia, likasimama. Dereva alikuwa Bwana Holroyd, mlowezi wa mashamba ya tumbaku kule Iringa, shingo nyekundu kama nyanya.

"Wewe! Unanasa nini?"

"Kuku, bwana."

"Nipe nisikie."

Isakwisa akampa spika za masikioni. Holroyd akasikiliza. Jogoo. Kweli jogoo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nyani na redio," alisema, akaondoka.

Isakwisa alilitazama gari mpaka lilipokata kona. Neno lile alilimeza. Akaendelea na kazi.

Mbele kidogo, kwenye nyumba ya mlango wa buluu, watu walikuwa wanateremsha jeneza kutoka lori la Bedford lililoandikwa Iringa mlangoni. Watu watano walilia. Isakwisa akavua kofia, akapita kwa heshima.

Saa saba akakaa dukani kwa Selemani, rafiki yake na mwenye simu pekee mtaa ule. Akarudisha utepe, akasikiliza.

Sikio la mtu huchagua. Ukipita penye msiba unasikia kilio, mengine yanafifia. Mashine haichagui.

Kilio. Na chini ya kilio, tu-tu, tu-tu.

Isakwisa akasimama.

Vinu!

Sokomatola hakuna mtu anayetwanga jirani akifiwa. Hata afe mgeni wa jana, michi hulazwa mpaka azikwe. Hapa nyumba tatu zilikuwa zinatwanga, na mwanamke mmoja alikuwa anacheka.

Akatoka mbio mpaka kwa Bibie.

"Mama, nani kafiwa mlango wa buluu?"

"Kafiwa?" Bibie alishika kiuno. "Mtu afe Sokomatola mimi nisijue? Nimekufa mimi?"

Isakwisa akarudi kwenye simu. Ikachukua nusu saa kumpata Zubery, mtu wao wa Iringa.

"Sema."

"Bedford. Jeneza. Limetoka kwenu jana. Nani kafa?"

"Hakuna. Fundi Ambrosi kachonga jeneza aliloagiza Holroyd. Kaambiwa chini aweke mbao nene, libebe uzito wa watu watatu."

"Basi ndilo."

"Isa, wale wana risasi."

"Na mimi nina Bibie."

Akakata simu.

Kwanza alimpitia Atuganile ofisini, hatua mia mbili kutoka mlango wa buluu.

"Dada, kimbilia kwangu Mbalizi. Bunduki zimo ndani ya jeneza. Watapita nazo hapa kama maziko."

Atuganile hakuacha kupiga pasi gauni lake la mkutano.

"Mimi nikimbie jeneza lisilo na maiti? Nenda kafanye kazi yako. Mimi saa kumi nasema."

Isakwisa akarudi kwa Bibie, akamnong'oneza. Bibie akafuta mikono kwenye kanga.

"Kwa hiyo wanataka msiba?" alisema. "Watapata msiba."

Robo saa haikupita. Kinu kimoja kikanyamaza. Kikanyamaza cha pili. Mtaa mzima ukawa kimya, hata nzi akasikika.

Kisha miguu.

Wanawake na vikapu vya unga. Wanawake na kuni kichwani. Wanaume na mikeka, na viti vya kuazima. Mia, kisha mia mbili. Wakajaza ua, wakajaza ukumbi, wakateka jiko, wakabandika sufuria.

Mkuu wa waombolezaji bandia, Didas, koti jeusi likimbana, akanyoosha mikono.

"Jamani, huu msiba wa familia!"

"Familia gani inalia kama mbuzi?" alijibu Tusekile, mke wa fundi baiskeli. Akaketi pembeni ya jeneza, akaweka kikapu chake cha unga miguuni. "Tata," alisema, akimwita baba kwa kilugha, "tumekuja kuaga. Fungua tuone uso."

"Kafa kwa ndui! Mtaambukizwa!"

Tusekile akapandisha mkono wa blauzi. Kovu la chanjo. Nyuma yake mikono mingine ikapanda, yote ina makovu.

"Tumechanjwa. Fungua."

Land Rover ikafunga breki nje. Holroyd akaingia akisukuma watu.

"Didas, mjinga wewe! Pakia! Liingie stoo ya chama chao kabla polisi hawajafika!"

Ndani ya kikapu cha unga, kipaza sauti kilisikia. Chini ya rundo la kanga, utepe wa EMI ulizunguka polepole.

Didas akatia mkono kotini.

Kitu baridi kikamgusa kisogo.

"Usisumbue wafiwa," alisema Isakwisa. "Toa mkono. Mtupu."

Mkono ukatoka mtupu. Holroyd akageukia mlango. Mlango ulikuwa umejaa wanawake, na hakuna aliyesogea.

Fundi baiskeli akaleta mtaimbo. Kifuniko kikalia, kikang'oka.

Bunduki za 303, zimefungwa sanda nyeupe.

Bibie alizihesabu kwa kidole. "Kumbe marehemu walikuwa kumi na wawili!"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko.

Saa tisa na nusu inspekta wa polisi aliwasili na askari sita. Alikuwa ameambiwa atazikuta silaha ofisini mwa chama. Alizikuta kwa mlowezi, mbele ya mashahidi mia mbili. Holroyd na Didas wakatiwa pingu, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

"Lakini mkutano umefutwa," alisema inspekta.

Atuganile alisimama mbele yake, gauni limenyooka, kibali mkononi.

"Bunduki zimekutwa kwangu?"

"Hapana!" ulijibu umati, ingawa hawakuulizwa wao.

"Basi muhuri huu ni wenu. Saa kumi nasema. Mtu akitaka kunikamata, anikamate nikiwa nasema."

Akapita. Watu mia mbili wakamfuata.

Inspekta akamgeukia Isakwisa. "Nipe utepe."

"Umeshapanda lori la kwenda Iringa zamani. Kesho watu wa Zubery watausikia, keshokutwa mawakili wa Dar es Salaam."

"Siku moja nitakuja kukukamata."

Isakwisa akatupia mashine begani.

"Njoo, lakini uje na watu wengi," alisema. "Huku hakuna anayeachwa peke yake."

Akashika njia ya Mbalizi, taratibu, wala hakutazama nyuma.