Buibui wa Kisima Kikuukuu

Kila asubuhi Maftaha alifagia uwanja, akachota maji, kisha akapindua mawe na magome kutafuta buibui. Usicheke. Darasa lao la sita, hapo Kiranjeranje, lilikuwa likikusanya buibui kwa ajili ya makumbusho ya viumbe, na Maftaha hakuwa na mpinzani. Nge waliachiwa mwalimu. Mtafiti wa makumbusho, Bi Helena, aliwagawia chupa za spiriti na sharti moja: ndani ya kila chupa kiwemo kikaratasi kinachotaja mahali, tarehe na jina la aliyemwokota. Kiandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Buibui wake bora, mweusi mwenye mistari ya manjano miguuni, alimpata kwenye kichaka cha kisima kikuukuu. Balaa lilikuwa hapo. Babu yake, Mzee Nurdin, alikwisha kumkataza kukanyaga huko asije akatumbukia. Basi Maftaha akaandika: "Chini ya mkorosho, shambani kwetu." Alijiambia kwamba ni uongo mdogo tu, hautamdhuru mtu.

Baada ya miezi mitatu Bi Helena alirudi mbio. Katika maelfu ya buibui waliohifadhiwa makumbusho, hakuna aliyefanana na yule. Alitaka kuwaona buibui wenzake wakiwa hai, ajue wanavyoishi. Kwa siku mbili alitambaa chini ya mikorosho mpaka magoti yakachubuka, naye Maftaha akimshikia chupa. Jioni ya siku ya pili, babu alitaja kwamba kesho atakichoma kichaka cha kisimani apande ufuta. Maneno yalimfika Maftaha mdomoni, akayameza. Aliogopa fimbo.

Kesho yake, moshi ulipopanda, njia ya mwongo ilikuwa imefika mwisho. Maftaha alilia, akasema yote. Walikimbia kisimani wakakuta majivu na visiki vinavyofuka. Bi Helena alipekua mpaka adhuhuri, asipate hata utando.

Maftaha alimpigia babu yake magoti, akaomba achapwe. Mzee Nurdin aliweka panga chini, akakaa.

"Ungeniambia jana, ningekuchapa mbili, kisha ningekiacha kichaka," alisema. "Leo nikuchape ngapi ndipo kirudi?"

Maftaha alilia tena, na hakuna aliyembembeleza. 

Bi Helena alifungua chupa ya yule buibui mweusi, aliyokuja nayo, akatoa kile kikaratasi cha uongo, akampa kipya na penseli.

"Huyu mmoja tuliyebaki naye lazima ajulikane kwao," alisema. "Ukificha kosa ili usiadhibiwe, Maftaha, adhabu haipotei. Inamwangukia asiye na kosa. Siku nyingine sema mapema, hata kama unatetemeka."

Maftaha aliandika polepole: "Kichaka cha kisima kikuukuu, Kiranjeranje." Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza chini yake: "Kimechomwa."