Wa Mwisho Kutoka Ofisini

Kiti cha marehemu kilikuwa na joto. Shiori Hatakeda alikigusa akipita kwenda kuwasha jiko la mafuta ya taa, asubuhi ambayo maji yalikuwa yameganda ndani ya birika, akauondoa mkono upesi kama aliyeshika chungu cha motoni.

Mwalimu Minowa alikuwa amekufa tangu majira ya majani kupukutika. Moyo ulimsimama Jumapili moja, aliporudi tu na timu ya mpira ya wasichana kutoka mashindanoni. Mwalimu wa kuziba pengo hakupatikana. Vipindi vyake vikagawanywa, timu akapewa Shiori, meza ikabaki pale pale kati ya meza za wenzake.

Desturi ya ofisi ile ya walimu ilikuwa moja. Anayetoka kabla ya wenziwe huinama na kusema, "Niwieni radhi, natangulia," nao wanaobaki humjibu, "Pole na kazi." Siku hizi, majibu yakishakwisha, lilikuja moja la ziada kutoka meza ile tupu, kwa sauti ya chini, na halikuwa pole.

"Mimi bado."

Aliyelisikia hakutoka. Ghafla alikumbuka madaftari, au ripoti fulani, akaketi tena, na harufu ya ubani wa msibani ikamzunguka. Mtawa wa hekalu aliitwa. Akasoma, akafukiza, akaenda zake. Bwana Kurosu, makamu wa mkuu, akawaomba walimu wabaki kidogo wafagie majivu.

Aliyetoka salama kila siku ni Jens peke yake, mwalimu wa Kiingereza kutoka Denmark.

"Huyo huondoka pamoja na kengele," alinong'ona Madoka Igarashi wa meza ya jirani. "Hata jini halimtaki."

"Nakusikia," alisema Jens akivaa koti. "Kwetu mwalimu akikutwa shuleni jioni, mkuu humuuliza nyumbani kagombana na nani."

"Na timu ya mpira nani anaifundisha?"

"Kocha wa mtaani. Mwalimu anafundisha darasani tu."

"Anafundisha tu," Madoka alirudia, kama aliyeambiwa kwamba huko watu hula mawe. "Sasa siku nzima mnafanya nini?"

Jens alicheka, akatoka. Hakuinama, hakuomba radhi.

Simu ya Shiori ikalia. Ilikuwa chekechea. Kanon, binti yake, kifua kimebana, dawa ya kuvuta haimsaidii, aje ampeleke hospitali. Baba wa mtoto alikuwa kazini mkoa mwingine. Shiori alinyakua mkoba, na kwa mazoea tu akainama.

"Niwieni radhi, natangulia."

"Pole na kazi," walijibu. Kisha, karibu na sikio lake, "Mimi bado."

Akajikuta ameketi, na ubani ukamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake ukachukua kalamu nyekundu bila kuagizwa, ukaanza kusahihisha, tiki, kosa, tiki, huku yeye akilia moyoni kwamba mtoto anakosa pumzi, na kila alipojaribu kunyanyuka kitu fulani kilimlalamikia kwa upole, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka sana, kwamba kazi imebaki nyingi, kwamba si vizuri kumwacha mwenzio peke yake, naye Shiori, Mungu amsamehe, akawa anajibu, "Samahani, samahani," na kila samahani ilimzamisha zaidi kitini.

Ndipo akaukumbuka mgongo wa Jens, ulionyooka mpaka mlangoni.

Akafunga mdomo. Akasimama. Akatoka bila neno.

Kanon alipata nafuu usiku ule. Asubuhi Shiori alimwacha kwa jirani, ambaye naye alikuwa na zamu yake jioni.

"Mtoto anaendeleaje?" Bwana Kurosu aliuliza kwenye kikao cha asubuhi, kwa wema kabisa, akajibiwa kwamba ana nafuu. "Vizuri. Lakini jana uliwaacha wenzako bila neno, Mwalimu Hatakeda. Waombe radhi, tuendelee na kazi."

Shiori alitazama sakafu. Akilitoa neno hilo, jioni hatatoka. Jiko likaguruma, walimu wakaanza kukohoa kwa aibu.

Madoka akasimama, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Niwieni radhi kwa niaba yake. Mimi ndiye jirani yake, ningemkumbusha."

"Madoka, nyamaza," Shiori alinong'ona.

"Si neno, shoga. Kuinama tu."

Harufu ya ubani ilipita kati yao, ikatulia upande wa Madoka.

Jioni theluji ilianguka kwa wingi. Shiori alivaa koti. "Twende, mwenzangu. Usiseme kitu. Simama tu."

Madoka hakuinua uso. Mbele yake kulikuwa na rundo la madaftari ya darasa lisilokuwa lake, na kalamu ilikwenda huku macho yake yametulia mahali pamoja.

"Tangulia tu," alisema. "Mimi bado."

Shiori alimshika bega, akavuta. Lilikuwa zito kama kabati la chuma. Akavuta tena. Jirani alikuwa anamngoja aende kazini, na Kanon hakuweza kubaki peke yake na kifua kile.

Akaliachia bega. Mlangoni shingo ilimuuma kwa hamu ya kuinama, na hakuinama.