Mashine ya Ogada

Walijuana kwa chai. Mvua ilikuwa inamwagika sokoni Kericho, Rodah akageuka ghafla kibandani kwa Nyanchoka muuza chai na kummwagia kijana mrefu kikombe kizima kwenye shati jeupe.

"Woi, pole!"

"Usijali, mrembo. Sasa nanukia Kericho yenyewe."

Jumatatu wakakutana tena, kumbe wanafanya kazi ofisi moja ya kompyuta katika kiwanda cha chai. Tangu siku hiyo Rodah hakulivaa tena sweta lake kuukuu.

Leo, mwaka 1999 ukielekea ukingoni, moyo ulikuwa unamwuma. Kompyuta kubwa ya kiwanda ilibeba mashine pepe mbili, kompyuta zisizo na sanduku zinazoishi ndani ya nyingine: moja yake, moja ya Ogada, yule kijana wa shati jeupe. Walikuwa wamegombana kwa wivu juu ya Kimeli wa mauzo, Ogada akaondoka amenuna. Jana mashine ya Rodah ikakataa kuwaka, naye akamwambia meneja Onsongo mbele ya watu, "Ogada ameniharibia." Ogada akafukuzwa palepale.

Leo ndipo Rodah alipofungua mipangilio ya kompyuta kubwa. Prosesa zote mbili, ubongo wa kompyuta hiyo, zilikuwa kwa mashine ya Ogada, na yake haikubaki na hata moja. Akapiga simu dukani kwa shangazi yake Ogada, huko Kiptere.

"Ni mimi, dear."

"Dear gani? Si mimi ndiye mharibifu?"

"Prosesa umechukua zote!"

"Ni ile test ya kuona kama kompyuta zitasoma tarehe za mwaka elfu mbili, inakaribia kuisha. Nilitaka kukwambia, ukanikatia simu."

Jaribio hilo ndilo lingempa Ogada kazi ya kudumu.

"Onsongo anakuja sasa hivi kuona mashine yangu," Rodah akasema.

"Basi zima yangu, yako itaamka. Mimi si nimeshafukuzwa?"

Simu ikakatwa. Rodah alishika kipanya. Mlango ukafunguliwa.

"Iko wapi kazi yako?" Onsongo aliuliza.

"Haijawaka, sir. Ogada hakuharibu kitu. Mimi ndiye niliongea kabla ya kuangalia."

Alikemewa mpaka masikio yakawaka moto.

Adhuhuri Ogada alitokea mlangoni, koti limelowa. Onsongo mwenyewe alikuwa amempigia arudi. Ogada akatazama kioo cha kompyuta: jaribio limeisha, limefaulu.

"Hukuzima?"

"Ningezimaje?"

"Wewe ni mkaidi, Rodah."

"Na wewe una hasira. Tukioana, tutaishi aje nyumba moja?"

Ogada akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Tutazoea," akasema, akaihamishia mashine ya Rodah prosesa moja.