Mistari Tisa ya Juu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alikuwa akifungua maktaba ya shule, akipangusa vumbi kwenye kompyuta tatu, kisha akiwasha ile ya dirishani. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Kompyuta hiyo ilikuwa na programu ya kuazimia vitabu. Chiriku aliipata mtandaoni. Ilikuwa programu huria, yaani mtungaji wake ameiachia watu waitumie, waone ilivyoandikwa, waibadilishe na kuigawa bure. Yeye aliongeza ukurasa wa kuonyesha nani kachelewesha kitabu, na likizo nzima iliishia hapo. Juu kabisa ya maandishi ya programu palikuwa na mistari tisa: jina la mtungaji, na leseni inayotoa ruhusa hizo kwa sharti moja tu, kwamba mistari yenyewe isiondolewe.

Chiriku aliifuta, akaandika jina lake. Shule nzima ikamsifu, naye hakumsahihisha mtu.

Siku moja akaja afisa wa elimu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba. Serikali ilikuwa imeamua shule zitumie programu huria kwanza, naye alikuwa akitafuta ya maktaba, aisambaze katika shule arobaini.

"Umeitengeneza wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Hongera. Leseni yake iko wapi?"

"Leseni ya nini tena, mama? Chukueni tu!"

Afisa akacheka. "Ningechukua. Lakini bila ruhusa ya maandishi ya mwenye kazi, siwezi kutoa hata nakala moja. Saini hapa kwamba ni yako na umeiruhusu, tumalize."

Chiriku akashika kalamu. Akairudisha mezani.

Rafiki yake aliyeketi kando akamkanyaga chini ya meza. "Saini basi! Leo mdomo umepigwa kufuli?"

Angesaini, nani angejua? Lakini ruhusa aliyoombwa haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu fulani, asiyemjua, aliyeandika kurasa zote zile asimdai mtu kitu ila mistari tisa. Na mistari yenyewe Chiriku ameifuta.

Akamgeukia mwalimu wa maktaba, aliyekuwa amesimama nyuma ya afisa. "Mwalimu, nimedanganya. Wangu ni ukurasa mmoja tu. Jina la mwenyewe nimelifuta."

Rafiki yake akatazama dari. Mwalimu hakupandisha sauti.

"Nakala ya kwanza unayo?"

"Ninayo."

"Basi kaa, urudishe."

Chiriku akairudisha mistari yote tisa. Chini yake akaongeza wa kumi: jina lake, ukurasa alioutunga, na kwamba nao ameuachia kwa leseni hiyohiyo. Afisa akasoma akifuata kwa kidole, akatoa diski yake.

"Sasa naweza kuichukua."

"Lakini jina lako limeshuka mpaka huko chini!" rafiki yake akanong'ona.

Mwalimu alisikia. "Limeshuka mahali pake," akasema. "Aliyetupa bure hakutuambia tumsahau. Ulipolifuta jina lake, binti yangu, ulifuta na ruhusa yetu sote, programu ikawa haimfai mtu. Ukitumia kazi ya mwenzako, sema ni yake. Uliyoongeza wewe, hata yakiwa ukurasa mmoja, hakuna atakayeweza kukunyang'anya."