Pacha wa Vitambaa

Sanamu lilikuwa limeongezeka sentimita mbili kiunoni, na sanamu halili.

Mwalimu alipopima mara ya kwanza alidhani futi imepinda. Akainyoosha juu ya meza ya cherehani, akaizungusha tena, akasoma: themanini na mbili. Mwezi mmoja nyuma kiuno hicho kilikuwa themanini kamili, na aliyekipima ni yeye mwenyewe, mwalimu wa hesabu, mtu asiyetia chumvi kwenye sufuria bila kuihesabu. Shuleni kwao walimu waliitana kwa masomo yao, kwa hiyo yeye alikuwa Hesabu tu, na rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Jiografia.

Sanamu lile walilitengeneza wao wawili. Mtu anayejishonea nguo ana shida moja: mgongo wake hauoni. Basi Hesabu akavaa fulana kuukuu, Jiografia akamviringishia gundi pana ya kufungia maboksi, tabaka tatu, kutoka nyonga mpaka shingo, huku wote wawili wakicheka mpaka machozi. Kisha akaipasua kwa mkasi katikati ya mgongo na kumvua lile ganda zima zima. Wakaliziba kwa gundi, wakalijaza mabaki ya vitambaa, wakalisimamisha juu ya mguu wa feni mbovu. Mabaki yaliishia mabegani, kwa hiyo shingo ikabaki wazi. Tutaiziba siku nyingine, walisema. Wakaliita Pacha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Hesabu alikuwa na kitu kimoja tu chake duniani: Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Muda mwingine wote ulikuwa wa watu. Wa wanafunzi, wa mume, wa mama mkwe aliyekuja kukaa wiki mbili na huu sasa ulikuwa mwaka wa nne, wa wifi ambaye alikuwa na kwake lakini mdomo wake ulikuwa hapa. Saa tatu hizo alifunga mlango wa kile chumba kidogo cha nyuma akajishonea: blauzi, sketi, gauni lenye kola ya kusimama. Hakumshonea mtu mwingine. Hakutaka, na hakuona haya kulisema.

Lakini watu hawa! Wakiona cherehani ndani ya nyumba wanaona bomba la mtaa, kila mmoja anakuja na ndoo yake. Nipindie suruali. Nibadilishie zipu, dakika mbili tu. Hizo dakika mbili zao ukizijumlisha unapata umri wa mtu. Halafu wifi akapata mchumba, na Jumamosi moja akaingia na furushi la vitambaa akalibwaga sebuleni.

"Wifi, humo kuna gauni langu la harusi, la mama, na ya wasimamizi kumi. Vipimo nimeandika kwenye karatasi."

"Nani kakwambia nitashona?"

"Kaka."

Hesabu akamgeukia mumewe. Mume hakuinua macho kwenye simu. "Kwani ubaya uko wapi, mke wangu? Wewe si unapenda kushona?"

"Napenda kujishonea."

Mama mkwe akafyonya kwa kirefu. "Roho mbaya hiyo. Mwanamke mzima unajifungia ndani ujirembe peke yako, na wenzio wanakuomba."

Hesabu akanyanyuka, akaingia chumba cha nyuma, akaubamiza mlango mpaka pini zikaruka mezani. Akasimama mbele ya Pacha, uso kwa ile shingo iliyo wazi, akafoka: "Unawasikia? Wanataka mikono tu hawa! Basi kama kuna yeyote anayeutaka mwili huu, aje auchukue! Awashonee mpaka vidole vimtoke damu! Mimi nimechoka!"

Ndivyo alivyosema, kwa sauti, mchana kweupe. Jumamosi iliyofuata ndipo futi iliposoma themanini na mbili.

Kesho yake, Jumapili, alikuwa anaosha vyombo aliposikia cherehani inakimbia. Si kukwamakwama kwa mtu anayejaribu. Ilikwenda mfululizo, mshono mmoja mrefu usio na kona. Akazima maji asikilize. Ikanyamaza. Akafungua maji, ikaanza tena, na safari hii ilikuja na harufu ya nywele zilizoungua kwenye pasi. Alipousukuma mlango, chumba hakikuwa na mtu. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka polepole. Juu ya Pacha kulikuwa na gauni la mama mkwe, limekwisha, pindo na bitana na vifungo vyote, na mishono yake ilikuwa midogo kiasi kwamba ilibidi aipapase kwa ukucha ili ajue ipo.

"Si unaona?" mama mkwe alisema nyuma yake, tayari kashanyoosha mikono. "Kumbe ukitaka unaweza."

"Mama, sikushona mimi."

"Ameshona nani? Cherehani yenyewe?" Akaangua kicheko, akaenda na gauni lake kwenye kioo.

Hadi Jumatano yalikuwa yamekwisha magauni matano. Usiku huohuo baada ya chakula Hesabu alimvuta mumewe jikoni, akamnong'oneza macho yakiwa mlangoni.

"Baba, mle ndani kuna kitu. Nakuapia. Mimi sijagusa hata uzi."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kinashona nikiwa sipo. Nakiogopa."

Mume akacheka. "Kinashona vizuri?"

Alikuwa anatania, najua. Lakini kuna utani ambao mtu akikutania wakati moyo unakudunda vile, unatamani umpige na mwiko. Hesabu akaushika mwiko. Akauweka chini.

Alhamisi, akiandika ubaoni, sketi ikamteleza. Sketi aliyojishonea mwenyewe, iliyokuwa ikimkaa barabara! Akaidaka kwa kiwiko, darasa likacheka, naye akatoka mbio mpaka stoo ya ramani ambako Jiografia alikuwa anapanga mabango. Jiografia akamshika mkono, akauachia upesi.

"Mbona wa baridi hivi? Unaumwa?"

"Nipime."

Jiografia akampima kwa kamba ya kufungia ramani, wakaiweka kwenye rula. Sabini na nne. Hesabu akakaa juu ya boksi.

"Asubuhi nimempima Pacha," alisema kwa sauti ya chini. "Themanini na sita. Jumlisha mwenyewe. Mia moja na sitini, ileile ya siku ya kwanza. Anachopata yeye kinatoka kwangu."

"Jumamosi nakuja tulichome moto."

"Jumamosi sifiki. Nalikata leo."

"Hesabu, usiingie mle peke yako. Tafadhali."

Lakini hasira ilikuwa imempanda, na mtu mwenye hasira kama ile humwambii kitu. Saa tisa mchana alikuwa nyumbani. Mume kazini, mama mkwe na wifi madukani, jua limejaa dirishani, nje watoto wa jirani wanapigiana mpira ukutani, du, du, du. Akachukua mkasi mkubwa wa kitambaa akaingia.

Pacha alikuwa amempa mgongo. Hesabu hakukumbuka kumgeuza. Akaingiza ncha ya mkasi kwenye ule mstari wa gundi katikati ya mgongo, akakata, na papo hapo akahisi baridi ya chuma ikipita kwenye uti wa mgongo wake mwenyewe, akapiga kelele lakini mkono haukusimama, ukaendelea kukata kana kwamba umeshikwa na mkono mwingine juu yake, na gundi ikafunguka, na ndani hamkuwa na mabaki ya vitambaa bali giza lenye joto linalopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na kutoka kwenye shingo iliyo wazi ikaja sauti, sauti yake yeye, ileile anayoitumia kumtuliza mwanafunzi aliyekosea, ikimwambia, "Simama wima, mpenzi, usitikisike, nisije nikakuchoma," na alipotaka kukimbia akatazama chini kuitafuta miguu yake akauona mguu mmoja tu, wa chuma, wa feni.

Mpira ukaendelea kugonga ukutani. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye sura yake, mikono yake, kiuno themanini. Mwanamke yule akaokota mkasi, akaufuta kwenye sketi, akaketi kwenye cherehani. Akatabasamu. Hesabu hakuwahi kutabasamu vile hata siku moja.

Tangu hapo aliyaona yote akiwa pembeni mwa chumba. Kusikia alisikia, kuona aliona, sauti ndiyo hakuwa nayo. Mlango haukufungwa tena. Watu waliingia na kutoka, na kila aliyeomba alipewa. Wifi alitaka gauni lifumuliwe mara tatu kwa sababu ya shingo, likafumuliwa mara tatu. Pini zilichomwa mbavuni mwa Hesabu, moja baada ya nyingine, na alizisikia zote. Kitu kile hakikulala wala hakikula mbele ya watu, na vidole vyake havikutoka damu.

"Siku hizi nyumba ina amani," mume alisema akijitazama na shati jipya. "Ulikuwa mkali sana, mke wangu. Hata sijui ulikuwa unagombania nini."

Nilikuwa nagombania saa tatu, mbwa wewe! Saa tatu kwa wiki! Hivyo ndivyo alivyopiga kelele Hesabu ndani ya gundi na vitambaa, na shingo wazi haikutoa hata pumzi.

Jumamosi Jiografia akaja kama alivyoahidi. Alipokelewa kwa tabasamu.

"Karibu, rafiki yangu. Umekuja na kitambaa? Lete nikushonee."

Jiografia akapauka. Miaka tisa ya urafiki, na Hesabu hakuwahi kumshonea hata leso, na walikuwa wakilicheka hilo kila mara. Akasema amesahau kitambaa nyumbani, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Baada ya saa mbili alikuwa amerudi na mganga, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba wa ngozi, aliyepanda ngazi akihema na kulalamika juu ya magoti yake.

Mganga hakuchoma kitu wala hakutikisa kitu. Alinusa chumba, akamwangalia anayeshona, akaenda moja kwa moja kwa sanamu, akaweka kiganja pale moyo unapokaa.

"Mwenyewe yumo humu," alisema. "Yu hai, na ana hasira kweli kweli. Huyu anayeshona ni jini. Mmeliachia mwili mtupu wenye vipimo vya mtu, shingo wazi, na mwenyewe akalikaribisha kwa mdomo wake."

"Litoe!" Jiografia alisema huku machozi yanamtoka. "Litoe sasa hivi!"

"Kulitoa si kazi. Ila limekaribishwa ndani ya nyumba, na wenye nyumba ndio wenye kulifukuza. Nataka neno lao tu." Akawageukia mume, mama mkwe na wifi, waliosimama mlangoni. "Semeni pamoja: toka, tunamtaka mtu wetu. Mimi nitamaliza."

Cherehani ilinyamaza. Jini halikugeuka, lilikaa na uzi mdomoni, likisubiri kama wengine.

Mume akasogea mpaka kwenye sanamu. Akainama, akachungulia kwenye shingo, na Hesabu akamwona machoni, karibu kabisa, akamwita kwa kila alichobaki nacho. Na msije mkasema mwanamume yule hakuamini. Aliamini. Midomo ilimtetemeka, jasho likamtoka, akarudi nyuma akishika kifungo cha shati lake jipya. Akamtazama mama yake. Mama akamtazama wifi. Wifi akatazama magauni yaliyotundikwa, saba yamekwisha, matano bado.

"Mganga," mume alisema, akikohoa. "Harusi ni wiki ijayo."

"Nimekuuliza habari za harusi?"

"Nasema tu... huwezi kuja baada ya harusi?"

"Baada ya leo simpati mtu. Atakuwa vitambaa."

Jiografia akamshika mume kwa kola, akamtikisa. "Sema! Ni maneno manne! Sema, mshenzi wewe!" Wifi akamtoa mikono, akamsukuma mpaka nje, na kelele zake zikashuka ngazi moja moja. Mganga aliwaangalia wale watatu kwa muda, kisha akafunga mkoba wake. Hakuaga.

Walipobaki wenyewe, jini likainuka na pini kinywani, likamvalisha Hesabu gauni la mama mkwe, lile la kwanza, lililokuwa limelegea kidogo.

"Hapa kwapani nipunguze, mama?" liliuliza kwa adabu.

Mama mkwe akasogea akapapasa kitambaa, na chini ya kitambaa mbavu za mke wa mwanawe. Miaka kumi na moja Hesabu alikuwa mkwewe, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwita wewe.

"Punguza, mwanangu," alisema.