Sindano Iliyomwelekea Mama Pacha

Mstaafu wa posta aliileta gramafoni yake imefungwa kwenye shuka, akaiweka juu ya meza ya fundi kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mgonjwa. Alisema sindano imekufa, abadilishiwe hiyo tu. Mengine yaachwe yalivyo.

Fundi aliitikia, kama mafundi wote wanavyoitikia. Mtaani walimwita Unywele, kwa sababu alipima kila kitu mpaka unywele wa mwisho na hakuvumilia kilichopinda, hata picha ukutani kwa jirani. Mteja alipoondoka tu, akafunua kifuniko. Mkono wa gramafoni, ule unaobeba sindano, ulikuwa umefungiwa kichwani kipande kizito cha madini ya risasi, kwa waya, mizunguko saba. Uzito kama ule ungelima santuri kama jembe. Unywele alicheka peke yake, akasema watu wa posta wamezoea kugonga mihuri, akachukua koleo na kuukata waya.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa chumba hichohicho, upande wa dirishani, na cherehani yake. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, na nyumba ilijaa sauti ya mama yao. Aliimba akishona, aliongea na wateja, wakikosekana aliongea na vitambaa. Miaka kumi na minne Unywele alikuwa akimwambia apunguze, na hakuna siku hata moja aliyotaka apunguze kweli.

Fundi akaanza kazi. Akaweka pimamaji juu ya sahani inayozungusha santuri, akarekebisha miguu mpaka povu la hewa likatulia katikati. Akafunga sindano mpya, akaitandikia kadi yenye mistari, akaisogeza kwa ncha ya kucha mpaka ikalingana na mistari huku na huku. Mwisho akazungusha uzito wa nyuma, kidogo kidogo, mpaka mkono ukaelea hewani, haupandi, haushuki.

Kisha mkono ukageuka.

Uligeuka taratibu, ukasimama sindano ikimwelekea Mama Pacha. Unywele akazima feni, akafunga mlango, akaurudisha mkono mahali pake. Ukageuka tena. Mama Pacha akainuka kwenda kutundika gauni upande wa pili wa chumba, na mkono ukamfuata, hatua kwa hatua, alipotua ukatua. Unywele alijiambia ni sumaku ya cherehani, ingawa cherehani ilibaki dirishani.

Asubuhi yake chumba kilinuka nywele zilizoungua, na spika ya gramafoni, ambayo hakuwa ameichomeka kwenye umeme, ilikuwa ikipumua. Mama Pacha hakuimba. Alikuwa ameinamia gauni jeupe la bibi harusi, na Unywele alipomkaribia kwa nyuma aliona kwamba ametia uzi mweusi, na kwamba mshono ulianzia ukingoni ukazunguka, ukazunguka tena ndani yake, mstari ukibanana na mstari kama mistari ya santuri, na kwamba kitambaa kilikuwa kimebakiza duara dogo tu katikati, upana wa kikombe, na mguu wa mkewe haukuacha kukanyaga.

"Nani amekuagiza ushone hivyo?"

"Nimeshikwa mkono, Baba Pacha," alinong'ona bila kuinua macho. "Usiseme kwa nguvu. Anasikiliza koo langu."

Unywele alikimbia mpaka kwa shangazi yake muuza mkaa, ambaye watu walimjua kwa kusomea wenye mashetani. Alimkuta akipakia magunia, akamweleza yote njiani, na ile risasi pia. Shangazi alisimama katikati ya barabara.

"Mtu hafungi mizunguko saba kwa ajili ya santuri, mwanangu," alisema.

Walipofika, alimketisha Mama Pacha sakafuni, akamshika kichwa kwa mikono yake yenye masizi, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamtiririka. Ndipo sauti ikatoka, ya kukwaruza, kama sindano ipitayo kwenye vumbi.

"Nililaliwa na risasi miaka tisa. Huyu akanipima, akaninyoosha, akaniinua. Mkono ninao, sindano ninayo. Nilikosa koo."

Shangazi akaiamuru itoke, ikakataa, akaiamuru tena kwa ukali, na mkono wa gramafoni ukaanza kujipiga juu ya sahani, kwanza polepole kama mtu anayebisha hodi, halafu kwa kasi, halafu kwa hasira, huku ile harufu ikikaza mpaka macho yakawachuruzika wote watatu, na Mama Pacha akajipinda nyuma mpaka utosi ukagusa sakafu, na kwenye spika kitu kikacheka kicheko chake mwenyewe Mama Pacha, kile cha kila siku, kikakatika. Ilikuwa saa kumi alasiri.

"Ametoka," shangazi alisema. Kisha akautazama mdomo wa Mama Pacha, uliokuwa ukiomba maji bila sauti. "Lakini hakutoka mikono mitupu."

Kesho yake mstaafu akaja, amemshika mkono mkewe, mwanamke mwembamba aliyefunika mabega. Unywele alikuwa amejiandaa kumkaba. Mstaafu alimwambia, bila kuulizwa, kwamba mkewe alinyamaza tangu gramafoni ile iingie nyumbani kwao, na kwamba jana saa kumi alimwita jina lake. Unywele akamuuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Ningekuomba uifungue ile risasi, usingeifungua," mstaafu alijibu. "Nilizisikia sifa zako, fundi. Nilijua nikisema usiguse, utagusa."

Mwanamke akatabasamu. "Asante, fundi. Una mkono mwepesi."

Ilikuwa sauti aliyoamka nayo miaka kumi na minne. Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Mama Pacha alitoka mbio, kwa sababu alikuwa amejisikia akiongea kwenye karakana. Akamshika yule mwanamke mabega, akamtikisa, mdomo wazi, na shingo ikamtoka mishipa. Hakikusikika kitu isipokuwa viatu sakafuni. Mstaafu akambandua vidole, kimoja kimoja, akamtoa mkewe nje. Gramafoni hawakuiulizia.

Walipita katikati ya mtaa bila haraka, mwanamke akisalimu kila mlango. Na majirani, waliokuwa ndani na shughuli zao, hawakuona haja ya kuchungulia.

"Salama, Mama Pacha," waliitikia, nyumba baada ya nyumba. "Salama tu, Mama Pacha."